Barua yenye muhuri, barua pepe au WhatsApp: uulize kwa njia ipi kabla hujatoa pesa

Tuchukue kikundi cha wakulima wa alizeti Singida ambacho kimechoka kuuza mbegu kwa gunia na kinataka kukamua mafuta chenyewe. Sehemu ya pesa wanachama wameshachanga, sehemu nyingine wanategemea mkopo wa benki. Kabla ya kununua mashine wana maswali, na wenye majibu ni watatu: muuzaji wa mashine Dar es Salaam, kiwanda cha China kinachozitengeneza, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo litapima mafuta hayo kabla hayajaingia dukani na nembo ya ubora.

Mara nyingi katibu huandika ujumbe mmoja kwenye simu: "Habari, naomba kujua kuhusu mashine za alizeti na utaratibu wake." Kisha anautuma kotekote. Muuzaji anarudisha picha nne na "karibu sana ofisini". Kiwanda kinatuma katalogi nzima, kurasa kwa kurasa. Ofisi ya serikali inamwambia aandike barua. Mwezi unakatika na kikundi hakina hata karatasi moja ya kupeleka benki.

Watu hubishana kuhusu njia hizi kana kwamba suala ni ipi ya kisasa na ipi ya kizamani. Mimi naangalia jambo moja tu: jibu liko mikononi mwa nani? Kama anayepokea swali anaweza kulijibu palepale alipo, WhatsApp inatosha. Kama lazima aulize fundi, mhasibu au bosi wake, mwandikie barua pepe. Na kama jibu halina maana bila saini ya mwenye cheo, andika barua, ipige muhuri na uifikishe masijala.

Kwa muuzaji: WhatsApp au barua pepe?

WhatsApp ina nguvu yake na sitaidharau. Wauzaji wengi wa mashine Dar es Salaam wanaishi humo. Kwa dakika chache unajua mashine ipo stoo au inasubiriwa bandarini, na unaweza kuomba video ya mashine ikikamua mbegu kweli, ambayo ni taarifa nzuri kuliko kipeperushi chochote. Maswali ya namna hii yaulize humo: Ipo? Mnafungua Jumamosi? Naweza kuja kuiona ikifanya kazi?

Tatizo linaanza bei inapotajwa. Bei ya WhatsApp ni bei ya mazungumzo. Imo katikati ya ujumbe wa sauti, picha na salamu, haisemi kama VAT imo, haisemi itadumu hadi lini, na mara nyingi imetoka kwenye namba binafsi ya kijana wa mauzo. Kijana huyo akihama kazi anaondoka na simu yake na maelewano yenu yote. Upande wenu ni vilevile: katibu akibadilisha simu, kikundi kinabaki mikono mitupu. Si kwamba ujumbe wa simu hauna uzito kisheria. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayoutambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi. Lakini ni juu yako kuonyesha kuwa aliyeandika alikuwa anasema kwa niaba ya kampuni, na namba binafsi haikusaidii sana hapo.

Barua pepe inasafiri vizuri zaidi ndani ya kampuni. Meneja mauzo akishaisoma anaipeleka yote kama ilivyo kwa fundi ajibu habari za mota, na kwa mhasibu aandae profoma, yaani hati ya bei inayotolewa kabla ya malipo. Swali lako halipunguzwi na mtu wa katikati anayelisimulia upya. Ila liwe limeandikwa vizuri, kwa sababu barua pepe mbovu inajibiwa vibaya kama ujumbe mbovu wa simu. Linganisha hizi mbili.

Ya kwanza:

> Kichwa: Mashine
>
> Habari. Naomba bei ya mashine ya kukamua alizeti na maelezo yake. Asante.

Ya pili:

> Kichwa: Ombi la profoma: mashine ya kukamua alizeti, kilo 200 hadi 300 kwa saa, kupelekwa Singida
>
> Ndugu Meneja Mauzo,
>
> Sisi ni kikundi cha wakulima wa alizeti kilichosajiliwa, mkoani Singida. Tunapanga kununua mashine moja ya kukamua na kuifunga kabla ya mavuno ya mwezi Mei. Tunaomba profoma na majibu ya maswali yafuatayo, ambayo tutayaambatisha kwenye ombi letu la mkopo benki:
>
> 1. Bei ya mashine pamoja na mota na chujio. Tafadhali onyesheni kama VAT imo, na bei itadumu hadi tarehe gani.
>
> 2. Mashine inakamua kilo ngapi kwa saa kwa alizeti isiyokobolewa, na mafuta kiasi gani hubaki kwenye mashudu?
>
> 3. Mota ni ya kilowati ngapi, na inahitaji umeme wa fezi moja au fezi tatu?
>
> 4. Dhamana ni ya muda gani, inahusu sehemu zipi, na spea zinapatikana wapi?
>
> 5. Ni gharama gani kusafirisha hadi Singida mjini, kufunga mashine na kumfundisha mwendeshaji mmoja?
>
> Kikao chetu cha maamuzi ni tarehe 24 Februari, hivyo tutashukuru kupata majibu kufikia tarehe 20.
>
> Wako katika biashara,
>
> (Jina, cheo katika kikundi, namba ya simu)

Ya pili ni ndefu, na watu hudhani urefu ndio unaomchosha muuzaji. Kinachomchosha ni kutojua aanzie wapi. Ile ya kwanza inamlazimu akuulize yeye: mashine ya ukubwa gani, uko wapi, unanunua lini? Kwa kuwa hajui kama wewe ni mteja au mpita njia, anarudisha picha na kukukaribisha ofisini. Ya pili inamwambia katika mistari mitatu kuwa kuna pesa, kuna tarehe na kuna benki inayosubiri. Muuzaji anayejua karatasi yake itasomwa na afisa mikopo huiandika kwa uangalifu.

Angalia pia maswali yenyewe. Swali la pili, la mafuta yanayobaki kwenye mashudu, ndilo linalotenganisha mashine nzuri na mashine inayopiga kelele tu. Mashine mbili zinaweza kula kilo zilezile kwa saa, moja ikakuachia mafuta mengi kwenye makapi unayouza kwa bei ya chakula cha mifugo. Afisa mauzo pengine hajui jibu lake, na hapo ndipo barua pepe inapoishinda WhatsApp: itapelekwa kwa fundi. Swali la tatu limeokoa watu wengi. Mota ya fezi tatu ikifika kijiji chenye umeme wa fezi moja, mashine inakaa imefunikwa turubai huku mkopo unadai riba. Na swali la VAT si la wahasibu pekee: kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 Tanzania Bara, au 16 Kenya, bei "nafuu" isiyo na kodi inaweza kuwa ghali kuliko ile uliyoikataa.

Tarehe ya mwisho nayo imewekwa pamoja na sababu yake. Ukiandika tu "naomba jibu haraka", kila mtu anaandika hivyo. Ukitaja kikao cha tarehe 24, umempa sababu ya kukuweka mbele ya wengine.

Kwa hiyo kwa muuzaji wa ndani mimi nachanganya: naanza WhatsApp kujua mzigo upo na meneja ni nani, natuma barua pepe, halafu narudi WhatsApp na mstari mmoja, "Nimetuma maswali yetu kwenye barua pepe ya mauzo asubuhi hii, naomba unithibitishie imefika." Barua ya karatasi yenye muhuri simpelekei muuzaji wa namna hii, labda kampuni yake iwe kubwa yenye sekretari na utaratibu wa kupokea barua.

Kwa kiwanda cha China

Hapa barua pepe haina mpinzani, na iwe kwa Kiingereza chepesi chenye sentensi fupi na namba nyingi. Anayekujibu huenda anaisoma kwa programu ya kutafsiri, na sentensi ya mistari minne itaharibika njiani. China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Ukituma saa nne asubuhi, kwao ni saa tisa alasiri na bado wako kazini, lakini ukituma baada ya chakula cha mchana jibu ni la kesho. Usitume swali la haraka kipindi cha Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, kwa kuwa viwanda hufungwa.

Omba bei mbili, si moja. FOB ni bei ya mashine ikiwa imeshapakiwa melini kwenye bandari yao. CIF Dar es Salaam inaongeza nauli ya meli na bima hadi bandari yetu. Hakuna kati ya hizo inayobeba ushuru, kodi, gharama za bandari wala malipo ya wakala wa forodha, na wanunuzi wapya wengi huichukulia CIF kama bei ya kufikishiwa mlangoni. Omba pia namba ya HS ya mashine, ambayo wakala wako ataitumia kukokotoa ushuru, na uliza kama kiwanda kimewahi kupitisha mizigo kwenye ukaguzi wa ubora unaofanyika kabla ya kusafirisha, ule unaoitwa PVoC. Jibu la swali hilo la mwisho litakuonyesha kama wanalijua soko la huku.

Kwa ofisi ya serikali: karatasi au barua pepe?

Kama unachotaka ni ada, fomu au saa za kazi, usipoteze karatasi. Tovuti, simu ya huduma kwa wateja au barua pepe vinatosha. Barua ni kwa ajili ya jibu utakaloliegemea: kuthibitishiwa ni kiwango gani kinahusu mafuta yako, jengo lako linatakiwa kuwaje, utaanza na kibali kipi. Jibu la namna hiyo litawekwa mbele ya benki au mkaguzi, na mwenye kulisema ni mkuu wa ofisi au aliyekasimiwa.

Ili uandike barua inayojibiwa, ifuate kwa mawazo baada ya kuondoka mikononi mwako. Inafika masijala, inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, inaandikwa kwenye rejista, inawekwa kwenye jalada. Jalada linakwenda kwa mkuu, naye anaandika maelekezo kwa afisa anayehusika na jambo hilo. Afisa anaandaa rasimu ya jibu, inarudi juu kusainiwa, inatoka. Hata mahali ambapo makaratasi yamehamia kwenye mfumo wa kompyuta, njia ni ileile.

Ukishaijua njia hiyo, mengi yanajieleza yenyewe. Barua moja ibebe jambo moja. Ukiuliza viwango vya mafuta, ukaomba mafunzo na kulalamikia ucheleweshaji katika barua hiyohiyo, itaingia jalada moja na kwenda kwa afisa mmoja, ambaye atajibu linalomhusu na mengine yatalala humo. Mwandikie cheo, usimwandikie jina, maana mwenye jina huhamishwa na cheo kinabaki. Na mstari wa YAH, ambao Kenya huandikwa KUH au MINT, ndio masijala wanaoutazama kuchagua jalada, kwa hiyo "YAH: MAOMBI" hausemi kitu. Andika "YAH: OMBI LA TAARIFA KUHUSU VIWANGO NA UTARATIBU WA KUTHIBITISHA UBORA WA MAFUTA YA ALIZETI".

Baada ya hapo nina ugomvi na ile sentensi ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Afisa ameshakisoma kichwa. Sentensi ya kwanza ndiyo itakayosomwa kwa makini na mkuu mwenye rundo la majalada mezani, na unaitumia kumwambia asome tena mstari wa juu. Mwambie unataka nini: "Kikundi chetu kinajenga kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti Singida, na tunaomba kujua mambo matatu kabla ya kukamilisha jengo." Ukiwa unajibu barua yao, hapo ni tofauti kabisa: anza kwa "Rejea barua yako yenye Kumb. Na. ..." na tarehe yake, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayolifufua jalada.

Hakikisha pia ofisi unayoiandikia ndiyo yenye kazi hiyo leo. Mwaka 2019 udhibiti wa chakula na vipodozi Tanzania Bara ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda TBS, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Ukinakili mfano wa barua ya miaka ya nyuma, utauliza habari za mafuta ya kula mahali ambapo hawana tena mamlaka nayo. Kikundi cha Singida hakilazimiki kusafiri hadi makao makuu Dar es Salaam, kwani TBS ina ofisi ya Kanda ya Kati Dodoma. Pitieni ofisi ya mkoa wenu ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwanza mkapate barua ya utambulisho ya mjasiriamali mdogo, na muiambatishe.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa muhuri uleule wa kupokelewa na unarudi nayo. Watu wengi hupeleka moja, wakaondoka, na baada ya mwezi hawana cha kuonyesha. Muhuri huo ni muhimu pia kwa sababu ya sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inampa mwenye taarifa siku 30 kumjibu raia aliyeomba kwa maandishi. Kenya, sheria ya mwaka huohuo inatoa siku 21, zinazoweza kuongezwa mara moja kwa siku 14, na inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Uganda wana siku 21 tangu sheria yao ya 2005. Siku hizo huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa, na tarehe ya muhuri ndiyo ushahidi wako. Muuzaji wa mashine hana deni la namna hiyo kwako. Yeye anajibu akiona biashara, ndiyo maana barua pepe yake inaandikwa kwa kumvutia na hii ya serikali inaandikwa kwa kujaza jalada vizuri.

Usiitaje sheria kwenye barua ya kwanza. Inasomeka kama vitisho kwa mtu ambaye bado hajakukosea. Ihifadhi kwa barua ya ukumbusho.

Walio mbali wana njia ya katikati ninayoipenda: barua kamili, yenye saini na muhuri, inapigwa skani na kuambatishwa kwenye barua pepe rasmi ya ofisi, ile inayoishia na .go.tz au .go.ke. Mwilini andika mistari miwili tu, kisha omba uthibitisho wa kupokelewa pamoja na namba ya kumbukumbu. Usiandike ombi lote kwenye mwili wa barua pepe ukaacha kiambatisho, kwa sababu masijala wanahitaji kitu cha kuweka kwenye jalada.

Kiswahili au Kiingereza?

Kwa serikali ya Tanzania, Kiswahili bila kusitasita. Kwa muuzaji wa Kariakoo, Kiswahili pia, na majina ya vipuri yaandikwe kama mafundi wanavyoyataja. Nairobi ofisi nyingi za kampuni huandikiana Kiingereza, kwa hiyo kikundi cha Kenya kitajibiwa upesi zaidi kikiandika hivyo kwa kampuni. Lakini ofisi ya umma haiwezi kulikataa ombi la taarifa kwa sababu liko kwa Kiswahili. Barua ya Kiswahili safi ni bora kuliko Kiingereza cha kubabaisha ambacho hata wewe mwenyewe hutaweza kukitetea ukipigiwa simu.

Kufuatilia, na mpangilio wa kutuma

WhatsApp unaweza kuikumbusha kesho yake. Barua pepe ipe siku tatu hadi tano za kazi, kisha jibu juu ya ileile uliyotuma ili maswali yaonekane chini yake, badala ya kuanzisha mpya. Barua ya serikali usiipigie simu kila siku. Baada ya wiki mbili nenda mwenyewe na nakala yako yenye muhuri, waulize masijala jalada liko kwa afisa gani, umwone huyo. Mara nyingi utakuta amekwama kwenye jambo dogo, kiambatisho kimoja kimekosekana, na linamalizika mkiwa mmekaa hapo.

Mpangilio wa kutuma ndio wengi huukosea, kwa kuwa wanaanza na aliye karibu. Anzeni na anayechelewa. Barua ya TBS iende kwanza, maana ina siku zake na jibu lake linaweza kubadilisha hata jengo. Barua pepe ya China ifuate ndani ya wiki hiyohiyo, mpate bei ya kulinganisha. Profoma ya Dar es Salaam iombeni mwisho, mkishajua tarehe ya kikao na tarehe ambayo benki inapokea maombi, kwa sababu bei za profoma nyingi hudumu siku 14 au 30 tu, na benki haitaipokea iliyokwisha muda.